Jinsi ya kutafuta mitetemo ya kina na mtelezo wa polepole kwa data za wazi: mwongozo kamili

Mwaka 2002 mwanasayansi wa Japani, Kazushige Obara, alitangaza kwamba chini ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye kina cha kilomita 30 hivi, ardhi hutetema kwa saa nyingi, na pengine kwa siku kadhaa, mahali pasipo na volkano. Mitetemo hiyo ilijipanga katika mkanda wa kilomita 600 hivi, ukifuata mahali bamba la Bahari ya Ufilipino linapozama. Mwaka mmoja kabla yake, Herb Dragert na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba vituo vya GPS vya Kisiwa cha Vancouver na jirani zake viligeuka na kwenda kinyume kwa muda mfupi, kisha vikarudia mwendo wa kila siku. Mwaka 2003 Garry Rogers na Dragert wakayaunganisha mambo hayo mawili: mtelezo, yaani miamba kuteleza taratibu chini ya ardhi na kuvigeuza vituo vya GPS, na mtetemo huja pamoja, na karibu na mji wa Victoria, kwenye Kisiwa cha Vancouver, hurudi kila baada ya miezi 14 hivi.

Ushahidi wa mambo haya haujafungiwa maabara. Rekodi za seismografu na za GPS za eneo lile ziko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, na kwa subira kidogo unaweza kuuona mtelezo huo kwa macho yako. Mwongozo huu unadhani kwamba unaweza kuendesha programu fupi ya Python na kusoma grafu. Hauhitaji shahada ya jiofizikia. Unahitaji kanuni moja, nitakayoirudia bila haya: kituo kimoja hakithibitishi kitu.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Bamba moja, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linapozama chini ya jingine, sehemu ya juu ya mpaka wao hukwama. Hapo ndipo mkazo hukusanyika kwa miaka mamia, kisha ukaachiliwa na tetemeko kubwa. Chini zaidi, kwenye joto kali, miamba huteleza taratibu bila kukwama. Kati ya sehemu hizo mbili kuna ukanda usio wa huku wala wa kule. Bamba linalozama hubeba madini yenye maji ndani yake. Joto na shinikizo vikiongezeka, maji hutoka na kunaswa kwenye mpaka, yakausukuma ufa ufunguke kiasi kwamba hata nguvu ndogo hutosha kuutelezesha. Mtelezo huanza, lakini haufikii kasi ya tetemeko la kawaida. Huchukua siku, majuma au miezi.

Matukio ya familia hii yana sura kadhaa. Mtelezo wa polepole wenyewe huonekana kwenye GPS, kwenye vipima-mkunjo vilivyozikwa visimani na, chini ya bahari, kwenye vipima-shinikizo. Mtetemo huonekana kwenye seismografu, hasa kati ya hezi 1 na 10 (hezi ni mizunguko ya wimbi kwa sekunde, na idadi hiyo ndiyo masafa yake). Ndani ya mtetemo kuna matetemeko madogo ya masafa ya chini. Mwaka 2007 David Shelly, Gregory Beroza na Satoshi Ide walionyesha kwamba mtetemo wa Shikoku, kisiwa cha Japani, ni kundi la matetemeko hayo yakifuatana kwa karibu mno, kila moja likiwa ni mtelezo mdogo kwenye mpaka wa mabamba. Yapo pia matetemeko ya masafa ya chini zaidi, ambayo mawimbi yake huchukua sekunde 20 hivi kukamilisha mzunguko mmoja.

Kwa kazi yetu, zingatia sifa hizi za mtetemo. Huanza pole pole, bila mshtuko wa mwanzo. Nguvu yake nyingi ni mawimbi ya S, yanayotikisa ardhi kukingama na mwelekeo wa safari yao na kufika baada ya mawimbi ya P, kwa hiyo vihisi vya mlalo huuona vizuri kuliko vya wima. Juu ya hezi 10 hufifia haraka. Kimo chake hupita kelele ya kawaida kwa kiasi kidogo tu. Na kubwa kuliko yote: kupanda na kushuka kwake hufanana kwenye vituo vilivyotengana kwa makumi ya kilomita.

Hatua ya 2: Chagua mahali na wakati unaojulikana

Anza na Cascadia, ukanda unaotoka Kisiwa cha Vancouver hadi kaskazini mwa California, ambako bamba la Juan de Fuca huingia chini ya Amerika ya Kaskazini kwa takriban sentimita 4 kwa mwaka. Nasisitiza eneo hili kwa sababu tatu: data zake hazihitaji ruhusa, matukio yake yanarudi kwa mpangilio unaokaribia kutabirika, na mtandao wa vituo vya Pacific Northwest, unaojulikana kama PNSN, una ramani ya mitetemo ambayo utaitumia baadaye kujisahihisha.

Chukua tukio ambalo tayari linajulikana. Kwa upande wa kaskazini wa Cascadia, karibu na Victoria na Mlango wa Juan de Fuca, matukio makubwa yalitokea Julai 2004, Septemba 2005, mwishoni mwa Januari 2007, Mei 2008, Mei 2009 na Agosti 2010. Hesabu nafasi kati yao: miezi 14, 16, 16, 12, 15. Wastani ni miezi 14 na kitu. Ukiangalia nafasi hizo utaona kwa nini wataalamu husema "hivi" kila wanapotaja miezi 14. Huu si mlio wa saa ya ukutani.

Mimi ningekushauri uanze na Agosti 2010. Vituo vilikuwa vingi tayari, vikiwemo vya visimani.

Hatua ya 3: Pata rekodi za seismografu

Maktaba ya ObsPy, inayofanya kazi ndani ya Python, huzungumza moja kwa moja na hifadhi za data za kimataifa. Hifadhi kubwa ya Marekani, iliyokuwa ikiitwa IRIS, sasa ni sehemu ya EarthScope. Utahitaji herufi za mtandao wa vituo: CN ni mtandao wa taifa wa Kanada, UW ni wa Pacific Northwest, na PB ni wa vituo vya visimani vilivyojengwa kufuatilia mpaka wa mabamba.

Omba vituo sita au zaidi, vilivyosambaa kwa umbali wa kilomita 20 hadi 50 kati ya kimoja na kingine, na visipangike kwenye mstari mmoja. Omba chaneli za mlalo. Chaneli zinazoanza na BH mara nyingi hutoa sampuli 40 kwa sekunde, na za HH hutoa 100. Zote zinatosha, kwa kuwa hatutapita hezi 8. Usiombe mwezi mzima kwa mara moja. Chukua siku moja, saa 24 kamili, kisha siku nyingine ya utulivu, miezi miwili au mitatu kabla ya tukio, kwa ajili ya kulinganisha. Siku hiyo tulivu ni muhimu sawa na siku ya tukio, na wanaoanza wengi huiruka.

Kumbuka kwamba muda wote ni wa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Usiku wa Cascadia, wakati magari yamepungua na upepo mara nyingi umetulia, ni takriban 06:00 hadi 14:00 UTC.

Hatua ya 4: Safisha, chuja, chora

Mpangilio wa kazi hapa una maana. Kwanza tazama mapengo. Rekodi iliyokatika igawanye vipande na ukichuje kila kipande peke yake. Ukichuja juu ya pengo, kichujio kitatengeneza mruko wa uongo unaofanana na kitu cha kweli. Pili, ondoa wastani na mwelekeo wa jumla wa kila kipande, kisha punguza ncha zake taratibu hadi sifuri. Tatu, chuja ubakize hezi 2 hadi 8. Chini ya hezi 1 mawimbi ya bahari yangefunika kila kitu. Juu ya hezi 8 shughuli za watu hutawala.

Sasa tengeneza bahasha ya wimbi, yaani mstari laini unaofuata kimo cha mawimbi bila kujali kila mpando na mshuko. Chukua thamani kamili ya rekodi iliyochujwa, ipitishe kwenye kichujio kinachobakiza yaliyo chini ya hezi 0.1, kisha punguza sampuli hadi moja kwa sekunde. Usipunguze sampuli kabla ya kichujio hicho, la sivyo masafa ya juu yatajikunja na kuingia katika ya chini.

Gawanya kila bahasha kwa kimo chake cha kati cha siku, ili kituo chenye kelele kisizidi sauti wenzake. Chora vituo vyote kwenye karatasi moja, kimoja juu ya kingine, saa moja kwa kila grafu. Saa 24, grafu 24. Zitazame zote, hata zile zinazochosha. Jicho hujifunza kwa wingi wa mifano, na hakuna programu itakayokufanyia sehemu hiyo.

Hatua ya 5: Tenganisha mtetemo na vinavyoufanana

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtetemo hauna alama ya pekee, kwa hiyo unathibitishwa kwa kuwaondoa wengine wote.

Anza na umbali. Mawimbi ya S katika ganda la dunia husafiri kwa kilomita 3.5 hivi kwa sekunde. Vituo viwili vilivyo kilomita 40 mbalimbali haviwezi kutofautiana zaidi ya sekunde 11 au 12 kwa tukio moja, na kwa kuwa chanzo kiko chini sana, mara nyingi tofauti huwa ndogo zaidi. Ukiona bahasha mbili zinazofanana lakini zimepishana kwa dakika nzima, huo ni upepo, dhoruba au kitu kingine kinachosafiri juu ya ardhi.

Fuatisha na saa. Kelele inayoanza asubuhi ya eneo hilo na kuisha jioni, siku za kazi tu, ni ya watu. Mtetemo wa kweli hauchagui siku.

Tetemeko dogo la karibu ni rahisi kulitambua: lina wimbi la P, lile linalotangulia kufika, la ghafla, kisha S, na mara nyingi huisha ndani ya dakika moja. Helikopta hujulisha kwa mistari inayoteremka inapopita, kwenye spektrogramu, yaani picha ya masafa kadiri muda unavyokwenda. Mtetemo wa volkano hupungua nguvu kadiri unavyotoka kwenye mlima husika, na volkano za Cascadia ziko mashariki ya mkanda tunaoutafuta.

Anayedanganya kuliko wote ni tetemeko kubwa la mbali. Mawimbi yake ya P hubeba hezi 1 hadi 2 kutoka upande wa pili wa dunia, hufika kwenye vituo vyako vyote karibu kwa pamoja, na huweza kudumu dakika kadhaa. Kwa hiyo fungua orodha ya matetemeko ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, tafuta yenye ukubwa wa 6 au zaidi katika saa moja iliyotangulia, na utazame rekodi hiyo hiyo bila kichujio cha hezi 2 hadi 8. Ukiona mawimbi marefu ya sekunde 20 yakifuata, umempata mhusika.

Lakini usifute haraka. Mawimbi hayo marefu yanaweza kuamsha mtetemo wa kweli. Tetemeko la Denali huko Alaska, tarehe 3 Novemba 2002, lenye ukubwa wa 7.9, liliamsha mitetemo chini ya Kisiwa cha Vancouver iliyopanda na kushuka kwa mdundo wa mawimbi yenyewe yalipokuwa yakipita. Kwangu mimi huo ni miongoni mwa ushahidi mzuri zaidi katika somo hili, kwani unaonyesha jinsi ufa ule ulivyo mwepesi kuguswa. Kagua kama vipigo vya hezi 2 hadi 8 vinafuata mdundo wa sekunde 20. Vikifuata, andika kando na uendelee.

Kigezo changu cha kukubali ni hiki: angalau vituo vinne, bahasha zinazofanana kwa dakika tano au zaidi, tofauti za muda zinazokubalika, hakuna tetemeko la mbali lililojulikana, na siku ya utulivu ya kulinganisha haina kitu kama hicho kwa saa zile zile. Kikikosekana kimoja, ninaandika "labda".

Hatua ya 6: Kadiria mahali

Kwa kuwa hakuna P iliyo wazi, njia za kawaida za kutafuta kitovu hazifai. Badala yake linganisha bahasha kwa jozi. Chukua dirisha la dakika tano, telezesha bahasha ya kituo kimoja juu ya nyingine hadi zikae pamoja vizuri zaidi, na uandike ni sekunde ngapi ulizisogeza. Kisha gawanya eneo kuwa nukta, kila baada ya kilomita 5 au 10. Kwa kila nukta kokotoa tofauti za muda ambazo S ingeleta kwa kila jozi, na uchague nukta inayokaribiana zaidi na ulichopima. Aaron Wech na Kenneth Creager walichapisha njia ya namna hii mwaka 2008, na ndiyo iliyozaa ufuatiliaji wa moja kwa moja wa mitetemo ya Cascadia.

Ondoa kituo kimoja kimoja na urudie. Nukta ikiruka makumi ya kilomita kwa sababu kituo kimoja kimetoka, itupe. Kina usikiamini kabisa kwa njia hii. Kosa lake linaweza kupita unene wa ukanda unaoupima. Nukta iliyobaki peke yake, bila jirani siku ile wala ya pili yake, nayo itupe.

Ukifanya hivi kwa majuma mawili au matatu, chora tarehe kwenye mhimili mmoja na umbali kando ya ukanda kwenye mwingine. Katika tukio kubwa utaona nukta zikihama, kwa kawaida kilomita 5 hadi 10 kwa siku. Hiyo ni ncha ya mtelezo ikitembea chini ya ardhi. Ukiwa na nukta za kutosha, zipange pia kwa saa za kupwa na kujaa kwa bahari: hurudi kwa mdundo wa saa 12.4, ishara nyingine ya wepesi wa ufa.

Hatua ya 7: Thibitisha mtelezo kwa GPS

Mtetemo peke yake hauonyeshi kiasi cha mtelezo. Nenda kwenye kumbukumbu za Nevada Geodetic Laboratory ya Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, upakue mfululizo wa siku kwa siku wa kituo ALBH, kilichoko karibu na Victoria. Chagua mfululizo uliopimwa dhidi ya bamba la Amerika ya Kaskazini. Ukichukua ule wa dunia nzima, mwendo wa bamba lenyewe utaimeza ishara ndogo unayoitafuta.

Chora upande wa mashariki-magharibi. Utaona meno ya msumeno: kituo huenda mashariki kwa mwaka na zaidi, kikisukumwa na bamba lililokwama, kisha hurudi magharibi milimita 5 hivi ndani ya majuma machache. Nukta za siku moja moja hutawanyika kwa milimita kadhaa, kwa hiyo usisome mruko kwa nukta mbili. Chukua wastani wa siku 10 kabla ya tukio na siku 10 baada yake.

Kabla ya kufurahi, ondoa mambo matatu. La kwanza ni mabadiliko ya antena: faili za kituo huorodhesha tarehe zake, na mruko wa siku hiyo hiyo, usio na majuma ya mpito, ni wa kifaa. La pili ni mzunguko wa mwaka, unaotokana na theluji, mvua na joto. Ulinganishe na mikondo ya mwaka na nusu mwaka, kisha uitoe. La tatu ni kelele inayowapata wote: chukua vituo vya mbali upande wa mashariki, nje ya eneo la mtelezo, na utoe mwendo wao wa pamoja. Kinachobaki kionekane kwenye vituo jirani vya ALBH, kikipungua kadiri unavyokwenda bara. Kanuni ni ile ile.

Sasa kadiria ukubwa. Tuseme mtelezo ulifunika urefu wa kilomita 300 na upana wa 60, kwa wastani wa sentimita 3, na ugumu wa mwamba ni gigapaskali 30. Zidisha vyote kwa mita na paskali upate momenti, kipimo cha ukubwa wa mtelezo wote: 1.6 × 10¹⁹ niutoni-mita. Chukua logi yake, 19.2, toa 9.1, zidisha kwa theluthi mbili. Jibu ni 6.7. Tetemeko la kawaida la ukubwa huo humaliza kuvunja ufa kwa sekunde 10 hivi. Hili huchukua majuma. Ide na wenzake walipendekeza mwaka 2007 kwamba momenti ya matukio ya polepole hukua sawia na muda wake, ilhali ya matetemeko ya kawaida hukua kwa mchemraba wa muda.

Hatua ya 8: Ukihamia kanda nyingine, badilisha matarajio

Katika Nankai, Japani, matukio mafupi hurudi kila baada ya miezi michache, na data za mtandao wa Hi-net zinahitaji kujiandikisha. Kule Mlango wa Bungo, mtelezo wa 1996–1997 uliendelea kwa karibu mwaka. Guerrero nchini Meksiko hutoa mtelezo mkubwa kila baada ya miaka minne hivi, wenye sentimita kadhaa kwenye GPS, na huonekana kwa jicho bila hesabu yoyote. Hikurangi, Nyuzilandi, ndiyo itakayokusumbua: karibu na Gisborne mtelezo hutokea kwenye kina kifupi chini ya bahari, na mara nyingi huandamana na makundi ya matetemeko madogo ya kawaida kuliko na mtetemo mrefu. Huko anza na GPS ya GeoNet, mtandao wa vituo wa Nyuzilandi, kisha ndiyo utafute mitetemo.

Hatua ya 9: Kabla hujamwonyesha mtu yeyote

Utaulizwa kama hii ni dalili ya tetemeko kubwa. Jibu kwa uangalifu, kwa sababu kuna watu wanaoishi juu ya kanda hizi. Ni kweli kwamba mtelezo wa polepole ulitangulia tetemeko la Tohoku la 11 Machi 2011, la Iquique nchini Chile la 1 Aprili 2014, na la Papanoa huko Guerrero la 18 Aprili 2014. Ni kweli pia kwamba kila tukio huongeza mkazo kidogo kwenye sehemu iliyokwama juu yake. Lakini Cascadia imepitia matukio mengi ya polepole tangu vifaa vya kuyaona vifungwe, na tetemeko lake kubwa la mwisho lilikuwa 26 Januari 1700. Hakuna njia inayokubalika leo ya kusema mtelezo huu utaishia hivi na ule vile. Usichapishe grafu yako kwa kichwa cha habari cha tahadhari. Kazi hiyo ni ya taasisi zenye dhamana, na hofu iliyosambaa haikusanyiki tena.

Hatua ya 10: Jipime bila kutazama jibu

Chagua majuma matatu ambayo hujawahi kuyaona, pia kaskazini mwa Cascadia, baada ya 2010. Fanya hatua ya 3 hadi ya 6, na kwa kila saa andika "ndiyo", "labda" au "hapana" pamoja na vituo ulivyotumia. Kisha, na si kabla, fungua ramani ya PNSN ya siku hizo. Saa ambazo ramani inazo nawe umezikosa, angalia kwanza vituo vilivyokatika, halafu kama kichujio chako kilibana mno. Saa ambazo wewe unazo na ramani haina, rudia ukaguzi wa upepo na wa tetemeko la mbali, kisha uongeze vituo viwili usivyovitumia mwanzoni. Bahasha zikiendelea kufanana hata kwenye hivyo viwili, badilisha "labda" kuwa "ndiyo" na uendelee na wiki inayofuata.